Injini ya Baba Atu

Karibu na ninapokaa sasa, hapa Uyole, Mbeya, kuna gereji ya uani isiyo na kibao. Juzi nilikuwa natoka sokoni na kapu langu nikakuta mafundi wamening'iniza injini kwenye mnyororo, juu ya pikapu kuukuu iliyoachama boneti. Dizeli ilikuwa imemwagika na vumbi limeinywa, na harufu ile ya dizeli iliyokutana na udongo mkavu ikanisimamisha pale pale. Fundi mmoja akaniuliza, "Mama, na wewe una gari la kutengeneza?" Nikamwambia sina. Nilichokuwa nacho ni wivu, mbichi kabisa, wivu wa mtoto wa shule ya msingi, ila hilo si jambo la kumwambia mtu aliyeshika spana. Nilifika nyumbani ndipo nikagundua kapu nimeliacha kwenye benchi lao.

Nasema mapema ili msije mkanishangaa: mimi ni mtu wa wivu. Wengine huzaliwa na alama mgongoni, mimi nilizaliwa na huo. Na wa rika langu mtanielewa zaidi, maana sisi tulikua wakati baba hatoi taarifa kwamba yuko njiani. Watoto wa siku hizi baba anawapigia simu kabla hajafika kona. Sisi baba tulimjua kwa mlio wa gari, na kama hakuwa na gari, kwa kikohozi.

Kwetu ni Ilula, nyumba ya nyuma kidogo ya barabara kuu, na baba alikuwa mtu wa nyanya. Alizikusanya mashambani, akazipanga kwenye matenga, akazipeleka sokoni Iringa mjini kwa pikapu yake ya bluu. Injini yake ilikuwa ndogo, ya petroli, na ilikuwa na mlio wa kubanja, kama karanga zinazovunjwa, ambao ningeutambua hata usingizini. Pikapu ikiacha lami tu na kuingia njia yetu ya vumbi, mimi nilikuwa nimeshatupa chochote nilichoshika. Nilikimbia mpaka mlangoni kwa dereva, nikaufungua mwenyewe, na baba akanipa koti lake nilibebe, linanuka majani ya nyanya. Mdogo wangu bado alikuwa wa mgongoni kwa mama, kwa hiyo kwenye mbio hizo sikuwa na mpinzani.

Tena nilikuwa na cheo. Shule zikifungwa baba alinichukua mjini, na kile kilima cha kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini kilikuwa kinaishinda injini yetu kabisa. Tukifika katikati gari linaanza kutetemeka, baba anakanyaga breki na kuita, "Utingo!" Mimi naruka na gogo la mkaratusi lililokaa chini ya kiti, nalisukuma nyuma ya tairi ili gari lisirudi. Waliopita kwa miguu walikuwa wanacheka: utingo gani huyu wa sketi? Baba anawajibu kwa sauti kubwa, "Huyu ndiye mwenye gari!" Mama hakuwa anajua habari za gogo, na sisi hatukuona sababu ya kumsumbua nazo.

Mnaona, basi, kwamba ule udhaifu wa injini mimi ulikuwa unanifaa. Baba haukumfaa. Kuna siku tulikwama kilimani mpaka jua likawa kali, malori ya wenzake yakatupita yakipiga honi, na tulipofika sokoni wanunuzi walikuwa wameshajaza na kuondoka. Nyanya za chini zilikuwa zimeanza kutoa maji. Baba alirudi Ilula bila kusema neno, na kwa baba yangu, mtu wa utani asubuhi na jioni, huo ulikuwa msiba. Kesho yake alimwambia mama kwamba pikapu inahitaji injini kubwa zaidi, na anajua iliko.

Ilikuwa Madibira, kwenye mashamba ya mpunga. Baba alikuwa na rafiki yake huko, waliyejifunza naye udereva ujanani, ambaye alikuwa na basi dogo la kubeba abiria. Rafiki huyo alikuwa amefariki. Bodi la basi lilikuwa limeliwa na kutu, lakini injini yake ya dizeli ilikuwa nzima, na mjane wake, Mama Atu, Mnyakyusa aliyeolewa huko, alikubali kuitoa kwa makubaliano mepesi: wakati wa mavuno baba atambebea mpunga wake, na binti yake Atupele atakaa kwetu Ilula asome, maana shule yetu ilikuwa karibu, yao ilikuwa mbali. Haya yote niliyajua ukubwani. Wakati ule nilichosikia ni kitu kimoja tu, kwa sababu baba aliniambia mimi mwenyewe: "Injini ikishakaa, mama, wa kwanza kuiwasha utakuwa wewe."

Baba alikuwa ananiita mama kwa kuwa nimechukua jina la mama yake. Nililipenda jina hilo kuliko langu la shuleni.

Injini ilikuja juu ya lori la mpunga, imefungwa kamba, na pembeni yake juu ya magunia amekaa msichana mwembamba ndani ya sweta kubwa la kiume lililomfika magotini. Nilidhani baba ataiwahi injini. Alimwahi msichana. Alimpokea kwa mikono miwili, akamshusha taratibu kama tenga la nyanya zilizoiva, akasema, "Karibu, mama. Karibu kwenu." Nikageuka kumtazama mama yangu nione kama na yeye amesikia. Alikuwa anatabasamu.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliugua. Atu alilala kitandani kwangu, upande wa ukutani, upande wangu. Alivaa sare yangu ya mwaka uliopita na ikamkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Alikuwa mpole, anaamkia watu bila kukumbushwa, anaosha vyombo bila kutumwa, na mama akaanza ile tabia ya akina mama ya kusema, "Mwone mwenzio." Kama kuna maneno yaliyotungwa ili kuharibu undugu, ni hayo.

Wakati huo fundi alikuwa anafanya kazi uani kwetu. Alifunga mnyororo kwenye tawi la mparachichi, akaing'oa ile injini ndogo, akaiweka juu ya matairi mabovu karibu na banda la kuku. Kisha ikaanza shughuli ya kuingiza kubwa, ambayo haikutaka kuingia. Chuma kilikatwa mbele na kuchomelewa upya. Rejeta ilibadilishwa, spring za mbele zikaongezwa ili gari lisiiname pua. Mwishoni kabisa boneti ikagoma kufunga. Fundi aliilaza chini, akaigonga kwa nyundo kutokea ndani mpaka ikatoa nundu katikati, ndipo ikafunga. Tangu hapo pikapu yetu ilikuwa na uvimbe kwenye paji la uso.

Mimi nilikuwa nashinda nikiitazama ile injini ndogo. Kuku walianza kulalia chini yake. Nikawa nafikiri: gari ni lile lile, rangi ile ile, namba zile zile, baba yule yule kwenye usukani, kilichotoka ni cha ndani tu, na kimetoka kwa sababu kilikuwa dhaifu na kingine chenye nguvu kimepatikana Madibira. Halafu nikaingia ndani nikamkuta Atu amelala kwenye kitanda changu, na hesabu ikajipiga yenyewe. Niliona wazi kwamba na nyumba inabadilishwa hivyo hivyo. Wanaondoa mtoto, wanaweka mtoto, sare inabaki.

"Mama," nikamuuliza, "ile injini ya zamani itapelekwa wapi?"

"Itauzwa chuma chakavu. Au ikae hapo hapo na kuku, inamsumbua nani?"

Nikaangua kilio. Mama akanishika shingo kuona kama nina homa, akatikisa kichwa, akanipa dawa ya minyoo.

Siku ya kuwasha, Mama Atu alikuja kutoka Madibira na kuku mkononi. Majirani walikusanyika, fundi alikuwa amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, na mimi nilikuwa nimevaa gauni la kanisani tangu asubuhi. Nilikuwa nimejizoeza kwa kijiti, kukishika na kukizungusha. Baba alifungua mlango wa dereva, akautoa ufunguo mfukoni, akaniita. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja juu.

"Shemeji, subiri kidogo," Mama Atu akasema. Alisema kwa adabu, ameinamisha kichwa. "Naomba msinielewe vibaya. Kwetu chombo cha marehemu hakianzi kazi kwa mkono mwingine. Kikiwa jembe, mtoto wake analima tuta moja kwanza. Kikiwa panga, anakata mti. Hii nayo ni chombo chake."

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na watu walimtazama waone atasemaje. Alinitazama mimi. Nilimtazama kwa macho yote niliyokuwa nayo, na ninajua aliona, kwa sababu alimeza mate.

"Hata kwetu Wahehe iko hivyo," akasema. "Atu, mama, njoo."

Akanishusha. Kwa upole, lakini alinishusha, na mahali palepale nilipotoa mguu Atu akaweka wake. Fundi alimwelekeza. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, halafu ikaunguruma na moshi mweusi ukafunika banda la kuku. Vikombe vya chai vililia juu ya meza. Wanawake walipiga vigelegele. Atu hakucheka wala hakuruka, alikuwa ameng'ang'ania ufunguo ambao haukuwa na kazi tena, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nikasema moyoni, ona anavyoringa, mpaka analia. Nilimchukia siku hiyo kwa moyo wangu wote na nguvu zangu zote, kama katekisimu inavyotaka tumpende Mungu.

Baada ya hapo pikapu ilipanda Ipogolo bila kusimama. Gogo la mkaratusi halikuwa na kazi tena, mama akalikuta chini ya kiti, akauliza la nini, tukasema hatujui, akalitia jikoni. Baba hakuita utingo tena. Tukienda mjini tulikaa watatu mbele, mimi katikati nimebanwa, Atu dirishani, amevua ndala na kuweka nyayo zake chini kwenye sakafu ya bati inayotetemeka. Nilimwambia ni uchafu. Baba alikuwa anamchungulia, anamuuliza, "Unaisikia?" Atu anaitikia kwa kichwa. Mimi nauliza, "Nini?" Hakuna anayenijibu. Ndani ya gari ambalo nilikuwa mwenye gari, kulikuwa na mazungumzo yasiyonihusu.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni jioni. Mlio nilioujua ulikuwa umelala bandani na kuku. Huu mpya ulikuwa mzito, wa chini, na masikioni mwangu haukutofautiana na wa malori yanayopita kwenda Dar. Atu aliutambua. Tena aliutambua mbali, pikapu ikiwa bado iko kwenye lami, mimi sijasikia hata upepo. Anainua kichwa, anaacha sahani kwenye povu, anaondoka. Mimi naanza kukimbia baadaye, nafika wa pili. Wa pili, kwa baba yangu mwenyewe!

Nilijitahidi. Nilikaa kando ya barabara kuu kwa wauza nyanya nikifumba macho na kujifunza milio. Kuna jioni nikawa na uhakika kabisa, nikakimbia, nikashika mlango, nikasema, "Shikamoo baba, nipe koti!" Aliyekuwa ndani alikuwa mnunuzi wa vitunguu kutoka Makambako. "Marahaba mwanangu," akasema, "koti sina, labda nikupe kitunguu." Wauza nyanya walinicheka mpaka msimu ukaisha.

Na sasa sikilizeni Atu alichokuwa anafanya akifika wa kwanza. Hakwenda mlangoni. Alikwenda mbele ya gari, akaweka viganja vyote viwili juu ya ile nundu ya boneti, akasimama. Nilijua maana yake: hii ni yetu, ilitoka kwetu. Kila jioni alikuwa anakuja kunionyesha mpaka wa shamba. Na baba, badala ya kuzima gari na kushuka, alibaki ndani, mikono kwenye usukani, injini inaunguruma, anamtazama kupitia kioo. Mimi nagonga mlango, "Baba, shuka!" Ananiinulia kidole nisubiri. Mpaka Atu aondoe mikono, ndipo anazima.

Nikapeleka kesi kwa mama. "Baba anampenda Atu."

"Na wewe je?"

"Mimi amenizoea."

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. "We mtoto, una wivu kama mke mkubwa." Lakini alipoona sicheki, akanivuta karibu, akanikuna kichwa, na hakusema kwamba nimekosea. Nilikuwa nasubiri aseme.

Mwishowe nikamkabili mwenyewe. Tulikuwa tunasuuza vyombo, mimi na yeye tu.

"Kwa nini unamkimbilia baba yangu?"

"Simkimbilii baba yako."

"Muongo. Unamkimbilia nani?"

Alikuwa anasugua sufuria kwa jivu, hakunitazama. "Nakimbilia mlio."

"Mlio ni wa gari letu."

"Gari ni lenu," Atu akasema. "Mlio sio wenu. Ulikuwa unakuja kwetu kila siku jioni."

Nilikwenda mbio kushtaki. Nilimwambia mama kwamba Atu amesema mlio wa gari ni wao, na kwamba siku moja watakuja kuuchukua. Nilitegemea mwiko ufanye kazi. Mama aliuweka mwiko chini, akakaa kwenye kigoda. "Mwache," akasema. Nikamuuliza nimwache vipi wakati yeye ndiye anayetuingilia. "Nimesema mwache," akarudia, na sauti ilikuwa ya ajabu. Nilitoka pale na hasira maradufu, maana sasa hata mama ameshavukishwa upande wa pili.

Mavuno yalipokwisha, Mama Atu alipata habari kwamba kaka yake wa Mbeya anamhitaji kwenye biashara ya mchele, ahamie huko, na mtoto aende naye. Sitawadanganya: nilifurahi. Nilimsaidia Atu kufunga nguo zake kwa ukarimu ambao haukuwa umewahi kuonekana. Hata ile sare nilimwambia achukue.

Asubuhi ya safari mama yake alikuwa ametangulia kwenye kituo cha basi, na kituo hakikuwa mbali, ni mwendo wa kutembea. Lakini baba alikwenda kwenye pikapu, akaiwasha. Nikadhani tunampeleka kwa gari, nikajiandaa kuwahi dirisha. Baba akashuka. Aliacha injini inaunguruma peke yake, mlango wazi, kiti kitupu, akaenda kusimama mbali karibu na mparachichi, kofia mkononi, kama mtu aliye makaburini. Atu akaenda mbele ya gari. Aliweka mikono juu ya nundu, halafu akalaza na shavu lake. Nilitaka kuuliza, mama akanibana mkono mpaka ukauma.

Sijui ni muda gani. Kuku walizoea, wakaanza kupita chini ya gari. Halafu Atu akainuka, akajifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Basi, baba mkubwa," akasema.

Baba akaenda akazima. Wakatembea wawili kwenda kituoni, baba amebeba begi la Atu kichwani kama mwanamke, na mimi nimebaki getini na wivu wangu, nikijiuliza ni lini baba amewahi kubeba begi langu.

Jioni yake nilikuwa natenga maji ya kuoga nikausikia. Niliusikia mwenyewe, mbali, pikapu ikiwa bado kwenye lami, na nikajua kabisa kwamba ni yenyewe. Sikuwa na mpinzani. Nilikimbia, nikafika wa kwanza, na gari likaja likasimama mbele yangu. Baba hakuzima. Alikaa na mikono kwenye usukani, injini inaunguruma, akitazama mbele kupitia kioo. Nilifuata macho yake nione anatazama nini, na hapakuwa na kitu, palikuwa na nafasi tu mbele ya boneti.

Basi nikaenda pale. Nikaweka viganja vyangu juu ya nundu, vyote viwili, kama nilivyokuwa namwona Atu akifanya. Bati lilikuwa la moto na linatetemeka. Nilisubiri kusikia kile ambacho Atu alikuwa anakisikia. Nilikuwa nakitaka kuliko nilivyoutaka ule ufunguo. Nikafumba macho, nikabana pumzi, na sikusikia chochote, injini tu.

Ikanyamaza chini ya mikono yangu. Mlango ukafunguka.

"Toka huko, mama, utaungua," baba akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Wewe baba yako yuko huku."